Rangi bapa, brashi, picha ya simu au Blender: namna ya kuchagua mandhari na mwanga wa katuni ya kuchekesha ukiwa Kigoma

Anayetengeneza katuni za kuchekesha Kigoma mara chache hukwama kwenye wahusika. Wahusika wamejaa soko la Mwanga na mwalo wa Kibirizi, na sauti zao anazo kichwani. Anakokwama ni nyuma yao. Ziwa lionekane vipi, mabati yang'ae au yafifie, kivuli kilale upande gani, usiku uwe mweusi kiasi gani. Na kabla ya hayo yote anatakiwa aamue njia: achore kwa rangi bapa, apake kwa brashi kwenye programu ya kuchorea ya Krita, apige picha kwa simu na kuchora juu yake, au ajenge eneo zima ndani ya Blender, programu ya maumbo ya pande tatu?

Hapa chini nazilinganisha njia hizo nne kwa vipimo vilevile. Nachukulia kwamba wahusika wako ni wa kuchora, unafanya kazi peke yako au na mwenzako mmoja, na watazamaji wako wengi wako kwenye simu.

Vipimo

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni jicho kwenda kwenye kichekesho. Mtazamaji akichelewa nusu sekunde kumwona nani kafanya nini, kicheko kimepita na hakirudi. Namna ya kupima ni rahisi: punguza picha mpaka iwe na upana wa kidole gumba, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha itazame mara moja tu. Kama uso wa mhusika na kitu alichoshika vimezama, mandhari imekosea hata kama ni nzuri kupindukia.

Cha pili ni mwanga kuweza kugeuka. Vichekesho vingi huhama kutoka mchana kwenda usiku, au taa huwashwa katikati ya tukio. Je, itabidi uchore upya?

Cha tatu ni pawe Kigoma kweli. Hiki wengi hukiruka, nami nakishikilia sana, kwa sababu mtu wa hapa akiona jua limekaa vibaya anajua hata kama hawezi kueleza. Kigoma iko karibu na longitudo ya 30 mashariki, lakini saa tunazotumia Tanzania ni za longitudo ya 45. Kwa hiyo jua la utosi kwetu huja karibu saa saba mchana, si saa sita, na jioni huzama karibu saa moja. Huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Maana yake mhusika anayelitazama ziwa asubuhi uso wake uko kivulini, na jioni uso huohuo umewaka. Kiangazi, moshi wa nyika na vumbi huificha milima ya ng'ambo. Mvua zikishanyesha inaonekana tena. Na usiku wenye taa za dagaa usichore mwezi mpevu, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika: taa zao haziwezi kushindana nao kuwavuta samaki.

Halafu kuna muda na mashine uliyonayo, na mwisho ni simu ya mtazamaji, ambayo mara nyingi mwanga wake umepunguzwa kuokoa chaji na video imeshabanwa na WhatsApp kabla ya kumfikia.

Vichekesho vitatu vya kupimia

Ili ulinganisho usielee hewani, nimezipima njia zote kwa matukio yaleyale matatu.

Nguzo: nje ya stesheni ya reli, abiria wanasubiri treni. Kivuli pekee ni cha nguzo moja ya umeme, nao wamejipanga ndani yake kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Jua linasogea, kivuli kinazunguka, na foleni nzima inazunguka nacho hatua kwa hatua, mpaka mchana kinapofupika na wote wanabanana chini ya nguzo.

Taa: usiku Kibirizi, mvuvi anajificha nyuma ya mtumbwi akimkwepa mama muuza vitumbua anayemdai. Anashusha pumzi. Mwenzake anawasha taa ya dagaa. Mama amekaa ubavuni kwake, na inaelekea yuko hapo muda mrefu.

Mgebuka: mezani amebaki mgebuka mmoja na walaji wawili wenye adabu. Hakuna anayetaka kuonekana mlafi. Mwanga unamchukulia samaki yule kama jambo zito la ukoo.

Rangi bapa

Kila umbo lina rangi yake moja na ukingo uliokatika, bila kufifisha kutoka mwangani kwenda gizani. Studio ya UPA ya Marekani ndiyo iliyoipa njia hii heshima kwenye katuni miaka ya 1940 na 1950. Kwetu, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 aliwaweka wanyama wake juu ya mandhari ya rangi chache, na ukizitazama picha zile huhitaji kumtafuta mnyama.

Kichekesho na jicho: hapa ndipo nguvu yake ilipo. Mandhari unaipa madaraja matatu au manne tu ya mwanga, yote ya katikati, kisha weusi uliokolea na weupe halisi unamwachia mhusika. Karibu kila mara itafaulu kipimo cha kidole gumba.

Mwanga: kwenye Taa sijaona inayoishinda. Unaandaa leya mbili (tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine), ya giza na ya mwanga, na unabadilisha ndani ya fremu moja, yaani picha moja tu kati ya zile zinazounda video. Hakuna katikati. Kukatika kule kwa ghafla kunachekesha kuliko taa inayowaka polepole. Mwanga wenyewe unakuwa umbo lenye ukingo, kwa hiyo unaweza kuupitisha pale unapotaka: umguse mvuvi mzima na uishie kwenye kitenge cha mama, halafu uso wake utokee kwa hatua ya pili. Nguzo nayo ni rahisi. Kivuli ni ukanda mmoja kwenye leya yake, mhimili wake umewekwa chini ya nguzo, unauzungusha na kuufupisha. Kwenye Mgebuka ndipo inapopungukiwa. Uzito ule wa kuchekesha unataka mwanga laini unaofifia, na rangi bapa zinautoa kwa shida.

Kigoma yenyewe: hatari ni kupata mji usio na jina. Kilima, nyumba, mti, na inaweza kuwa Morogoro. Tiba ni maumbo sahihi. Mchikichi una kichwa kizito cha makuti na shina nene lenye vikonyo vya makuti yaliyokatwa. Mnazi una shina jembamba ambalo mara nyingi limeinama. Ukichora mnazi pale penye mchikichi, mtu wa Kigoma umeshampoteza. Ongeza udongo mwekundu, paa la bati lenye kutu upande mmoja, na mstari wa ziwa juu kidogo ya mabega ya wahusika, eneo limejitambulisha.

Muda, mashine na simu: mandhari moja ni kazi ya saa chache, kompyuta yoyote inaiweza, hata simu. Video ikibanwa inabaki safi, kwa sababu maeneo ya rangi moja hayasumbui mbano.

Inamfaa nani: anayetoa kipande kila wiki, na anayechekesha kwa mwendo na mshituko.

Brashi kwenye Krita

Krita ni programu ya bure na ina brashi za kutosha maisha yako yote. Hii ndiyo njia inayopendwa na waliotoka kwenye uchoraji wa karatasi na kitambaa.

Kichekesho na jicho: hapa panahitaji nidhamu. Mchoraji mzuri anapenda kila jiwe la ufukweni lipate haki yake, na matokeo yake mvuvi anapotea katikati ya mawe mazuri. Gawanya picha mapema: maelezo mengi yaende pembeni na juu, sehemu wanapoigiza wahusika ibaki tulivu, brashi kubwa, rangi zilizokaribiana. Ukishindwa kujizuia, punguza utofauti wa eneo lile mwishoni kwa leya moja ya rangi ya anga iliyofifia.

Mwanga: namna unavyopanga leya ndiyo itakayokuokoa au kukutesa. Paka kwanza rangi za vitu kana kwamba ni siku ya mawingu, bila kivuli chochote. Juu yake weka leya ya kivuli kwa modi ya Multiply, inayotia giza vilivyo chini yake, rangi iwe buluu yenye uzambarau, usitumie nyeusi. Juu kabisa weka leya ya mwanga kwa modi ya Screen au Addition, zinazoangaza vilivyo chini yake. Hapo mandhari moja inakupa asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa kubadilisha leya mbili tu. Ukipaka vivuli na rangi pamoja tangu mwanzo, kila saa ya siku itakuwa mchoro mpya.

Kwenye Mgebuka, brashi inafanya kitu ambacho nakipenda kuliko vyote katika kazi hii. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Dirisha linatazama ziwani, kwa hiyo jua linaingia likiwa limelala. Mwale unapita juu ya meza na kugusa mgongo wa samaki: upande wa dirisha rangi ya chungwa, upande wa pili buluu ya kijivu, na kati yake ukingo mwembamba wa dhahabu kwenye mapezi. Ndani ya mwale kuna vumbi. Bakuli la kunawia, kopo la chumvi, ukuta wenye kalenda, vyote vimeshushwa mpaka vimekaribia kufanana. Nyuso mbili zimewaka nusu. Kisha ncha ya kidole inaingia kwenye mwale, inasita, inarudi. Mwanga ndio umemwambia mtazamaji kwamba jambo hili ni zito, na macho ya wahusika yanaonyesha wazi kwamba ni samaki tu. Kicheko kinatoka kwenye pengo hilo.

Nguzo inawezekana, ingawa kivuli kinachozunguka juu ya udongo uliopakwa vizuri kinataka ukirekebishe kwa mkono hapa na pale. Taa inawezekana pia kwa leya mbili, lakini kishawishi cha kulainisha ukingo wa mwanga ni kikubwa, na ukiulainisha mno mshituko unalala.

Kigoma yenyewe: hakuna njia inayoipita. Dagaa walioanikwa wakirudisha mng'ao wa fedha, unyevu wa mchanga maji yanapoondoka, milima ya Kongo ikionekana nusu, haya ni mambo ya brashi.

Muda, mashine na simu: mandhari moja inaweza kula siku nzima na zaidi. Turubai la pikseli 1920 kwa 1080 halisumbui kompyuta ya kawaida, lakini kamera ikitakiwa kutembea utahitaji upana mara mbili au tatu, na leya zikiwa nyingi RAM ndogo italalamika. Angalizo la simu: usiku uliofifishwa taratibu huvunjika kuwa mistari mistari video ikibanwa. Ongeza chembechembe kidogo juu ya anga, na giza lako liishie kwenye buluu iliyokolea, lisifike weusi kabisa.

Inamfaa nani: mwenye stori chache zenye uzito, na anayechekesha kwa hisia zilizozidishwa na ukimya.

Picha ya simu iliyochorwa juu

Hii naipitia haraka, ingawa ina nafasi yake. Unapiga picha stesheni, unapunguza rangi zake, unafuta magari na watu, unachora mistari juu.

Kichekesho na jicho: picha ina maelezo kila kona, na mhusika wa kuchora juu yake huonekana amebandikwa. Lazima uipunguze sana.

Mwanga: umefungwa kwenye saa uliyopiga. Unaweza kugeuza mchana kuwa usiku kwa kuipaka buluu, lakini vivuli vya jua vinabaki chini na kukusaliti. Nguzo haifanyi kazi kabisa, labda upige siku ya mawingu na kivuli uchore mwenyewe. Ushauri wangu kwa njia hii ni huo tu: piga siku ya mawingu.

Kigoma yenyewe: ni yenyewe hasa, na hilo lina mvuto. Omba ruhusa kwa wenye eneo, bandarini na penye ulinzi usipige bila idhini, na nyuso za watu zifute.

Muda, mashine na simu: ndiyo ya haraka kuliko zote. Kwenye simu, picha yenye maelezo mengi hubanwa vibaya kuliko rangi bapa.

Inamfaa nani: anayejibu tukio la leo jioni hiihii, na anayetaka kichekesho kitokane na katuni kuvamia mtaa halisi.

Blender

Blender nayo ni ya bure. Unajenga stesheni, nguzo na kilima mara moja kwa maumbo ya pande tatu, unaweka kamera na jua, kisha wahusika wako wa kuchora unawaweka mbele. Kuna pia zana ya Grease Pencil inayokuwezesha kuchora wahusika humohumo.

Kichekesho na jicho: mwanga wa kompyuta unafuata sheria za mwanga halisi, na mwanga halisi haujui nani anachekesha. Mara nyingi uso muhimu utaangukia kivulini. Inabidi uongeze taa zisizokuwepo, na hilo halina ubaya wowote. Majukwaa ya maigizo yamefanya hivyo siku zote. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Cycles, injini ya Blender inayokokotoa mwanga na kutoa picha, inakuruhusu kuamua taa ipi iguse kitu kipi, kwa hiyo unaweza kuangaza mtumbwi bila kuangaza mchanga.

Mwanga: Nguzo inazaliwa hapa. Kuna kiongezo cha Sun Position: unaandika latitudo na longitudo ya Kigoma, unachagua tarehe, na kivuli kinazunguka chenyewe sawasawa na inavyotokea hapa. Utagundua jambo ambalo wengi hatulitazami. Mwezi wa Juni kivuli cha mchana kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini na kivuli cha nguzo kinakaribia kuisha kabisa. Weka tukio lako Oktoba, foleni yote haina pa kwenda, na kichekesho kimejimaliza chenyewe. Taa inafanya kazi vizuri pia, na ukitaka kutofautisha zamani na sasa, taa ya karabai uipe umanjano na ya LED uipe weupe wenye ubuluu. Mgebuka utapata mwanga mzuri, ila utakuwa nadhifu mno. Ile mikono ya mchoraji inayokuza hisia utaikosa.

Kigoma yenyewe: inategemea ujenzi wako. Stesheni yenyewe, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914, inastahili kujengwa kwa uangalifu, na ukishaijenga ni yako kwa kila kipande kitakachofuata. Michikichi na mabati yenye kutu huchukua muda kuvipata vizuri. Vya kupakua mtandaoni mara nyingi ni vya nchi nyingine, na vinaonekana.

Muda, mashine na simu: hapa fanya hesabu kabla ya kupenda. Dakika moja kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440. Kila fremu ikirendwa (yaani kompyuta ikikokotoa picha yake kamili) kwa sekunde 20, ni saa 8 za kompyuta kuwaka bila umeme kukatika. Kama kamera imetulia na mwanga haubadiliki, renda picha moja tu uitumie tukio zima. Toleo la 4.0 na kuendelea linadai kadi ya picha inayokubali OpenGL 4.3 (kiwango ambacho programu hutumia kuchora kupitia kadi hiyo), kwa hiyo laptop nyingi za zamani haziwezi kulifungua, wakati matoleo ya 3 yalitosheka na 3.3. Angalia hilo kabla ya kumaliza bando lako kupakua. Na ujenzi wa eneo la kwanza unaweza kula wiki.

Inamfaa nani: mwenye mfululizo unaorudi maeneo yaleyale, na anayechekesha kwa jua, kivuli, kamera na nafasi.

Ukiwa kwenye hali hii

Kama una simu tu au laptop dhaifu na unataka kuanza mwezi huu, nenda na rangi bapa, na muda uliookoa upeleke kwenye maumbo ya Kigoma na kwenye uigizaji wa nyuso.

Kama una stori moja unayoipenda sana, ya dakika tatu au nne, labda kwa ajili ya tamasha au kuonyesha kazi yako, na kuna tukio ndani yake linalotaka mwanga uzungumze, paka kwa brashi. Kwa matukio ya kupita tu tumia brashi kubwa na rangi chache, zilizo karibu na bapa, ili usichoke kabla ya tukio kubwa.

Kama unapanga vipande vingi kwenye kijiwe kimoja, stesheni moja au ua mmoja wa nyumba, na mashine inaruhusu, jenga Blender. Ukiona mwanga wake umekuwa baridi, renda picha ya eneo kisha uipake juu kwa Krita. Utapata vipimo sahihi vya vivuli pamoja na mkono wako.

Kama unatania habari ya leo, piga picha, funika, toa.

Kama mko wawili, mmoja anachora wahusika na mwingine mandhari, kubalianeni kwanza madaraja ya mwanga: mandhari isivuke weusi gani na weupe gani. Andikeni namba hizo mahali, maana ugomvi mwingi wa kazi za pamoja huanzia hapo.

Na kama bado njia mbili zinakuvuta sawa, chukua kichekesho kimoja cha sekunde kumi ukitengeneze kwa zote mbili. Zitume kwa WhatsApp, bila sauti, kwa watu wawili wasiojua stori, kila mmoja njia yake, wazitazame nje juani. Waulize nini kimetokea na kwa nani. Kwa stori hiyo, anza na njia ambayo mtazamaji wake ameeleza bila kurudia kuitazama.